Sura ya Nne: Mgongo wa Shambani na Mgongo wa Usukani

Kutoka Makambako hadi mjini Njombe ni takribani kilomita 60 za lami, na katika umbali huo mfupi utaona mgongo wa binadamu ukitumikishwa kwa namna mbili. Makambako ni njia panda. Hapo barabara ya Songea inaachana na barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA inapita, na malori yanapanga foleni kwenye mizani. Madereva wanaoshuka kunywa chai wameshika usukani tangu Tunduma, au tangu Dar es Salaam. Ukipanda kuelekea Njombe unakutana na watu wa aina nyingine: wanaopalilia viazi kwa jembe la mkono, wanaochuma chai Luponde na Lupembe, wanaookota kuni pembeni mwa mashamba ya miwati ya kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949. Wa Makambako amekaa kutwa, wa Njombe ameinama kutwa. Jioni wote wawili hushika kiuno palepale.

Wakienda kuomba ushauri, mara nyingi huambiwa neno moja: jinyoosheni, inameni mguse vidole vya miguu. Sura hii inapinga ushauri huo. Mkao wa yoga, hata huo wa kugusa vidole, hauna uzuri wala ubaya wake wenyewe. Faida yake inategemea mwili unaoufanya umetokea wapi: kutwa nzima ulielekea upande gani, kwa muda gani, na ulipumuaje. Nitaueleza mgongo kwa kufuata maswali hayo, kwa sababu ndiyo yanayoamua nani anyooke na nani ainame.

Yoga iliingia maabara zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1924 Swami Kuvalayananda alifungua taasisi ya Kaivalyadhama huko Lonavla, India, akaanza kupiga picha za eksirei watu waliokuwa kwenye mikao na kupima shinikizo ndani ya miili yao. Alitaka kujua ni yapi kati ya madai ya walimu wake yangesimama mbele ya vipimo. Siku hizi, tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio mwaka 2014, tarehe 21 Juni ni Siku ya Kimataifa ya Yoga, na huadhimishwa hata Dar es Salaam.

Najua wapo Walutheri, Wakatoliki na Waislamu wa Njombe wanaosita kwa sababu yoga ilizaliwa ndani ya dini ya watu wengine. Kusita huko nakuheshimu. Ninachokieleza hapa ni misuli, mifupa na pumzi, vitu ambavyo kila mtu alizaliwa navyo. Anayetaka kufanya mkao huku akisali sala zake mwenyewe, au bila sala yoyote, misuli yake itafanya kazi ileile.

Sasa tuutazame mgongo wenyewe. Uti wa mgongo wa mtu mzima una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingoni, 12 za kifuani zinazoshika mbavu, na 5 za kiunoni, ambazo ndizo kubwa kuliko zote kwa kuwa zinabeba uzito wa kila kilicho juu yake. Kati ya pingili na pingili kuna diski. Nje yake ni tabaka za nyuzi ngumu zilizopishana, ndani kuna ute mzito wenye maji mengi. Kwa mtu mzima sehemu kubwa ya diski haina mishipa ya damu. Chakula chake huingia kwa kupenya taratibu kutoka kwenye mfupa wa jirani, na kupenya huko husaidiwa na mzigo unapobadilika. Diski ni kama sifongo: ikibanwa hutoa maji, ikiachiwa hufyonza. Ndiyo maana mtu akipimwa asubuhi huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi, wakati mwingine hata mbili. Mgongo unaoachwa katika umbo lilelile kwa saa nyingi, uwe umeinama au umekaa, unazinyima diski mabadiliko hayo.

Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake wa Ulm, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kupima shinikizo ndani ya diski ya kiuno ya mtu mmoja aliyejitolea kupandikizwa kipima-shinikizo. Alipolala chali kilisoma megapaskali 0.1. Aliposimama wima, 0.5. Alipoinua mzigo wa kilo 20 huku mgongo umejikunja, 2.3. Alipouinua mzigo uleule kwa kukunja magoti, 1.7. Sababu ya tofauti hizo ni nyenzo. Misuli inayousimamisha mgongo imekaa sentimita tano au sita tu nyuma ya kitovu cha pingili, wakati kichwa, mabega na mikono ya anayeinama vinaning'inia mbali sana mbele. Ili kuusawazisha uzito huo, misuli inalazimika kuvuta kwa nguvu nyingi kuliko uzito wenyewe, na mvuto wote huo unaishia kuibana diski.

Kuna jambo lingine la ajabu zaidi. Miaka ya 1950 wanafiziolojia wa Uingereza, Floyd na Silver, waligundua kwamba mtu akiinama hadi mwisho, misuli ya mgongo hunyamaza. Umeme wake unazimika kabisa kwenye mashine. Mzigo unahamia kwenye kano na nyuzi zinazofunga pingili, na hizo hazichoki kwa namna ambayo mtu angeisikia mapema. Zinarefuka kidogo kidogo. Stuart McGill wa Kanada aliwakalisha watu wakiwa wamejikunja kabisa kwa dakika 20, kisha akapima ulegevu uliobaki. Karibu nusu yake uliondoka ndani ya dakika mbili za kunyooka, lakini hata baada ya nusu saa mgongo ulikuwa haujarudi sawasawa. Mchukue mama aliyepalilia mistari kadhaa ya viazi Uwemba akiwa ameinama namna hiyo, kisha akanyanyua ndoo iliyojaa papo hapo. Anainua kitu kizito kwa mgongo ambao walinzi wake wamelegea. Dakika mbili za kusimama wima, mikono kiunoni, kabla ya kuigusa ndoo, zina kazi ya kweli mwilini.

Tazama vizuri wanaopalilia na utaona kwamba hawainami kwa namna moja. Wapo wanaojikunja kuanzia kifuani hadi kiunoni, mgongo ukawa upinde. Wapo wengine, hasa kina mama waliozoea kazi tangu utotoni, wanaokunjia kwenye nyonga: miguu imesimama karibu wima, makalio yamerudi nyuma, mgongo umebaki bapa. Hawa misuli yao haizimiki, na pingili hazijikunji. Walimu wa yoga hutumia majuma mengi kumfundisha mtu wa mjini mkunjo huo wa nyonga. Unahitaji misuli ya nyuma ya paja iliyo ndefu na misuli ya makalio yenye nguvu, na kina mama hao wanavyo vyote viwili. Wangestahili kuitwa wawafundishe wengine.

Na asubuhi? Kipimo cha Ulm kilionyesha kwamba mtu akilala usiku, shinikizo la diski hupanda kutoka 0.1 hadi 0.24 kwa sababu ya maji yanayofyonzwa. Diski ya alfajiri imejaa na imevimba, na ukiinama wakati huo nyuzi zake hukazwa kuliko saa nyingine yoyote. Mmarekani Stover Snook alionyesha mwaka 1998 kwamba watu wenye maumivu ya kiuno waliojizuia kuinama saa za mwanzo za asubuhi walipata nafuu. Kwa Njombe hili lina uzito wake. Mwezi Juni na Julai baridi ya alfajiri inauma, misuli imekakamaa, na ndipo watu wanapotoka na majembe. Anayeweza kupanga kazi zake, aanze na zile za kusimama na kutembea: kuchota maji, kupeleka ng'ombe, kuwasha moto wa chai. Kupalilia kungoje jua. Na anayefanya yoga asubuhi kwa kuanza na mikao ya kuinama anakosea saa, hata kama mkao wenyewe anaujua.

Swali la upande lilijibiwa kwa uchungu na utafiti mmoja ambao natamani kila mwalimu wa mazoezi aujue. Mwaka 1984 Mehrsheed Sinaki wa Mayo Clinic, Marekani, alichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokwisha kukoma hedhi na ambao mifupa yao ilikuwa imepungua uimara. Baadhi walipewa mazoezi ya kunyoosha mgongo kuelekea nyuma, baadhi ya kujikunja mbele. Picha za eksirei zilizopigwa baadaye zilionyesha pingili mpya zilizopondeka kwa asilimia 16 ya waliojinyoosha, na kwa asilimia 89 ya waliojikunja. Kwa waliokuwa hawafanyi zoezi lolote ilikuwa asilimia 67. Yaani zoezi la kujikunja liliwaacha wengi katika hali mbaya kuliko kukaa bure. Bibi wa miaka 70 ambaye mgongo umeanza kupinda asiambiwe kamwe aguse vidole vya miguu.

Basi kwa mtu wa shambani mkao wa kwanza ni wa kulala kifudifudi. Jilaze juu ya mkeka, weka viwiko chini ya mabega, inua kifua taratibu huku nyonga na mapaja yakibaki chini. Usisukume kwa nguvu. Kaa pumzi tano au sita, shuka, rudia mara chache. Kiuno kilichojikunja kutwa kinapata upande wa pili, na misuli iliyokuwa imenyamaza inaamka. Baadaye lala chali, miguu ukiiegemeza ukutani. Hapo diski iko kwenye shinikizo lake la chini kabisa na inafyonza maji.

Tuteremke sasa Makambako. Dereva hana shida ya mama yule, ingawa maumivu yanafanana. Msuli ulioteseka zaidi kwake ni psoasi, ambao watu wengi hawajausikia. Unaanzia kwenye pingili za kiuno zenyewe na diski zake, unapita mbele ya nyonga, na kujishika sehemu ya juu ya paja kwa ndani. Ndio unaoinua goti. Ukikaa, unakuwa mfupi, na ukikaa hivyo saa nane kila siku kwa miaka, unazoea ufupi. Dereva anaposhuka na kusimama, psoasi inavuta pingili za kiuno mbele, naye anahisi hawezi kunyooka mpaka atembee hatua kadhaa. Juu yake kuna mtikisiko wa injini unaopenya kutoka kitini hadi kwenye diski. Chini yake kuna misuli ya mashavu ya miguu iliyolala. Misuli hiyo ndiyo inayosukuma damu ya miguu irudi moyoni, na isipofanya kazi viatu vinabana jioni.

Mkao wake ni wa kupiga goti moja. Goti la nyuma juu ya nguo iliyokunjwa, mguu wa mbele umekanyaga, nyonga inasogezwa mbele polepole huku tumbo likivutwa ndani ili kiuno kisibonyee. Unaweza kufanywa kando ya lori, dereva na utingo wake wakipokezana. Kisha achuchumae.

Kuchuchumaa kunastahili aya yake. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake, miongoni mwao Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha utafiti juu ya Wahadza wa Ziwa Eyasi. Walikuta kwamba Wahadza hupumzika karibu saa 10 kwa siku, muda usiopishana sana na wa watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wakiwa wamechuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu yao iliendelea kufanya kazi kidogo kidogo, kwa kiwango ambacho kiti hakikiruhusu. Watafiti hao wanaamini kwamba kazi hiyo ndogo ya misuli husaidia kuchoma mafuta na sukari iliyo kwenye damu. Njombe watu bado wanachuchumaa jikoni na shambani, na mwanamke bado hupiga magoti kumsalimia mkubwa. Ni mikao ambayo walimu wa yoga wa Ulaya huwahangaikia wanafunzi wao miaka, kwa kuwa vifundo vyao vya miguu vimekakamaa.

Kuhusu mzigo wa kichwani niseme kifupi. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walitangaza kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia oksijeni zaidi ya waliyotumia wakitembea mikono mitupu. Tafiti za baadaye, hasa za Afrika Kusini, hazikuikuta neema hiyo kwa wanawake wote. Kilichobaki bila ubishi ni cha umbile: mzigo uliokaa juu ya ngata uko kwenye mstari mmoja na pingili, haumvuti mtu mbele. Shingo ndiyo inayolipa ukizidi.

Nimeiacha pumzi hadi hapa kwa sababu inaunganisha haya yote. Kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, umeshikwa nyuma kwa mizizi miwili kwenye pingili za juu za kiuno, jirani kabisa na mahali psoasi inapoanzia. Dereva aliyejikunja juu ya usukani, tumbo limebanwa, anapumua kwa mabega. Kiwambo chake hakishuki, na kiuno kinakosa shinikizo la tumboni linalokisaidia kusimama. Anayenyoosha nyonga bila kurekebisha pumzi amefanya nusu ya kazi.

Mkazi wa Njombe ana sababu ya ziada ya kupumua polepole. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila lita ya hewa yake ina oksijeni pungufu kwa takribani moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Sasa piga hesabu. Mtu anayepumua mara 15 kwa dakika, nusu lita kila mara, anaingiza lita saba na nusu. Lakini katika kila pumzi mililita 150 hivi huishia kwenye koo na mirija, hazifiki mahali damu inapopokea oksijeni. Kwa pumzi 15 hizo ni lita 2.25 zilizopotea. Akipumua mara sita tu, kwa kina, akaingiza zilezile lita saba na nusu, kinachopotea ni lita 0.9. Mapafu yamepata zaidi kwa hewa ileile.

Mara hizo sita kwa dakika zina siri nyingine. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, alichapisha katika jarida la BMJ utafiti wa watu wazima 23 waliosali rozari kwa Kilatini, na pia kutamka mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Vyote viwili vilishusha pumzi zao hadi karibu sita kwa dakika, na kwa kasi hiyo mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikaanza kwenda pamoja, huku vihisio vya mishipa vinavyorekebisha shinikizo vikifanya kazi kwa wepesi zaidi. Pumzi ya kutoka inapokuwa ndefu, neva ya vagasi hupunguza kasi ya moyo. Mama wa Jumuiya anayesali rozari jioni kwa sauti ya kupokezana amekuwa akifanya zoezi hilo miaka yote. Sioni utafiti mwingine unaoweza kuondoa hofu ya muumini kuliko huo.

Wengi huuliza: msuli unarefuka kweli? Kwa wiki chache, kwa kiasi kidogo mno. Peter Magnusson wa Copenhagen aliwanyoosha watu mguu mmoja kwa wiki tatu miaka ya 1990 na kukuta kwamba msuli ulibaki na ukakamavu uleule. Kilichobadilika ni uvumilivu: neva ziliruhusu msuli uende mbali zaidi kabla ya kupiga kelele. Ndiyo maana kuvuta kwa nguvu na kudundadunda hakufai. Ndani ya msuli kuna vihisio vinavyouamuru ukaze unaponyooshwa ghafla, na pumzi ndefu na utulivu wa nusu dakika ndivyo vinavyovishawishi vilegee.

Lipo onyo ambalo siwezi kuliandika kwa herufi ndogo. Njombe ni mkoa wenye maambukizi makubwa ya VVU kuliko mikoa yote ya Tanzania, asilimia 12.7 ya watu wazima kwa utafiti wa 2022–2023, na kifua kikuu hufuatana navyo. Kifua kikuu hushambulia pia pingili za mgongo na kuzila. Maumivu ya mgongo yasiyopungua hata usiku ukiwa umelala, yanayoambatana na homa, jasho la usiku au kukonda, au miguu inayokufa ganzi na kukosa nguvu, au mkojo usiozuilika, hayatibiwi kwa mkao wowote. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mwenye shinikizo la damu au mjamzito asibane pumzi katika zoezi lolote.

Kwa maumivu ya kawaida ya kiuno, yaliyowapata watu milioni 619 duniani mwaka 2020 kwa takwimu zinazonukuliwa na Shirika la Afya Duniani, mapitio ya tafiti yanaonyesha kwamba yoga huleta nafuu ndogo hadi ya wastani. Ni nafuu ya kweli, na haina gharama zaidi ya mkeka. Lakini kuna mtu mmoja wa Njombe na Makambako ambaye sitampa mkao: kijana anayepakia viazi. Sheria ya vipimo inakataza gunia la mazao lizidi kilo 100, na lumbesa, lile gunia lililoongezewa kilemba, hulizidi. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mtu mzima mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Rudi kwenye kipimo cha Ulm: kilo 20 tu, zikiinuliwa kwa mgongo uliojikunja, zilipandisha shinikizo la diski hadi zaidi ya mara nne ya lile la kusimama. Hakuna diski iliyoumbwa kwa kilo 120 mgongoni, magunia hamsini kwa siku, na hakuna mwalimu wa yoga awezaye kuirudisha ikipasuka. Wanunuzi, madalali na halmashauri waipige marufuku lumbesa kwa vitendo, na gunia la viazi lipunguzwe hadi kilo 50.